Meli ya Vita Juu ya Kilima cha Butembo

Mimi ni mwalimu wa historia na Kiingereza katika shule moja ya sekondari ya Butembo. Kiingereza nilikiokota Uganda, nilikokaa miaka minne kwa shangazi yangu. Katika mji wetu kila mtu anajua Kifaransa cha kuombea karatasi na Kinande cha kuombea Mungu, lakini Kiingereza ni haba, kwa hiyo mwenye nacho huitwa kila upande: kusoma chupa ya dawa ya ng'ombe, kitabu cha jenereta, ujumbe wa mchumba aliyeko Kampala. Siku patron mmoja wa mjini alipotuma dereva wake kunichukua shuleni saa ya mapumziko, nilidhani ni jenereta tena.

Ilikuwa meli.

Patron huyo ni mfanyabiashara mkubwa, mtu wa vitenge, saruji na pikipiki. Alianza kwa kubeba chumvi kichwani akitembea kwa miguu, au ndivyo asemavyo; sijawahi kukutana na tajiri wa Butembo aliyeanza kwa kupanda gari. Wakati huo barabara ya kusini, ile ya Goma, ilikuwa imefungwa na vita. Malori yalilala. Yeye na wenzake wakaunda komite, na komite ikawaza kwamba ikiwa nchi kavu haipitiki, ziwa lipo: malori yapakiwe Kyavinyonge kwa wavuvi, yavuke Ziwa Edouard, yashukie ng'ambo ya kusini. Mtumbwi haubebi lori. Basi mmoja wao akaona kwenye simu, kwa muuzaji wa mbali, picha ya chombo cha chuma chenye ubao mkubwa mbele unaoshuka hadi ufukoni, gari likaingia na kutoka kama mtu anayeingia kwake. Wakaagiza.

"Madame," patron aliniambia, akinisogezea bahasha nene, "hii njo historia ya kazi yake. Ilifanya vita ile kubwa ya Bazungu. Unitafsirie mu Swahili, juu siku ya kuibatiza tutaisomea batu bote."

Nilikwenda nayo nyumbani. Zilikuwa kurasa kumi na mbili, nakala iliyopigwa kombo, na tangu ukurasa wa kwanza nilizipenda. Meli ile haikuwa na jina, ilikuwa na namba tu. Ilijengwa kando ya mto mkubwa, mbali kabisa na bahari, ikateremshwa na maji mpaka baharini. Kazi yake ilikuwa kubeba vifaru, karibu ishirini kwa safari moja, na kuvishusha mahali pasipo na bandari. Ilifanyaje? Ilikwenda moja kwa moja ufukoni na kukwama kwa makusudi. Ikafungua mdomo, vifaru vikatoka, majeruhi wakaingia, na yenyewe ikajivuta kurudi majini kwa nanga iliyokuwa imeiangusha nyuma wakati wa kuja. Nilisoma sehemu hiyo mara mbili. Vyombo vilivyotengenezwa ili vikwame tunavyo vingi huku kwetu, na vingine vina mhuri na bendera. Ila sikuwahi kusikia kimoja kilichokumbuka kuacha nanga nyuma.

Meli ile ilifuata vita kutoka bahari moja hadi nyingine. Ndege iliwahi kuipiga ubavuni, mpishi wao akaendelea kuoka mkate. Vita vilipokwisha iliwarudisha askari makwao, ikafungwa mtoni pamoja na dada zake, ikafutwa kwenye orodha. Nilitafsiri kwa wiki mbili. Pale mpishi anapooka mkate huku maji yanaingia, nakiri niliongeza maneno mawili matatu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa natafsiri, chombo kilifika Kasindi, vipande vitatu juu ya malori matatu. Dereva wa lori la kwanza alinisimulia yaliyotokea hapo mpakani. Kasindi na ziwa ni majirani. Mtu akipiga chafya Kasindi, samaki wanasikia. Mvunja fedha mmoja, aliyekaa na mwavuli wake kando ya barabara, aliwauliza, "Muko munapeleka meli fasi gani?"

"Butembo."

"Mais ziwa iko huku."

"Patron eko Butembo," dereva akamjibu, na malori yakaondoka.

Usicheke. Komite nzima ilikuwa Butembo, na wapiga picha, na fundi wa kuchomelea, na viti vya plastiki vya wageni. Chombo kingewezaje kuingia majini kabla wenyewe hawajakiona? Basi meli ikayapa mgongo yale maji, ikapanda hadi Beni, ambako watu walitoka madukani kuitazama. Wengine walisema ni daraja, wengine wakasema ni tangi la mafuta, na mhubiri mmoja akasema ni safina, watu watubu. Kutoka Beni ikapanda tena, mlima baada ya mlima, mpaka kwenye parsele, yaani kiwanja cha patron, jirani na ukuta wa shule yetu, juu ya kilima ambacho hata maji ya kunywa huyapati bila kumpigia mtu simu.

Mafundi waliunganisha vipande kwa mwezi mzima. Kila nilipofundisha, cheche ziliruka nyuma ya ukuta, wanafunzi wakawa wanaitazama vita ya dunia dirishani zaidi kuliko ubaoni. Siku moja baada ya masomo nilivuka nikaipima kwa hatua zangu. Kwenye karatasi ilikuwa na urefu wa mita mia. Mimi nilihesabu hatua ishirini na nane, na mimi si mrefu.

Nilimfuata patron dukani kwake. "Patron, hii meli haiko ile ya mu karatasi. Ile ni mita mia."

Alinitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto aliyegundua kwamba padri pia hula. "Madame, tangu vita ile ni miaka ngapi? Hata miye nilikuwaka munene. Chuma na yenyewe inakonda."

"Chuma haikonde, patron."

"Umeshamaliza kutafsiri?"

"Ndiyo."

"Basi."

Mtu wa pili kujua alikuwa kapiteni. Huyu alikuwa mvuvi wa makamo kutoka Kyavinyonge, mtu aliyekulia juu ya maji, mwenye vidole vilivyopindwa na kamba. Komite ilimwajiri aiendeshe meli, na kwa kuwa haiwezekani kapiteni akae mbali na meli yake, walimpandisha Butembo akae nayo. Walimshonea suti nyeupe yenye dhahabu mabegani. Fundi cherehani alikuwa amezoea kushona za fanfare ya kanisa, hivyo ukimwona kwa mbali ulingojea apige tarumbeta. Baridi ya Butembo ilimtesa. Alivaa suti ile juu ya majaketi mawili.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye pembe ya ndani ya chombo, anakwangua kwa msumari.

"Kuja uone, madame," akasema, akanifungulia kiganja. Kulikuwa na mchanga, na ndani yake magamba madogo meupe ya konokono wa majini. "Hii haikubebaka kifaru hata siku moya. Angalia hii chuma ya chini, iko laini kabisa. Kifaru inakwaruza. Muchanga inalamba. Hii ilibebaka muchanga maisha yake yote."

"Utamuambia patron?"

Alifuta mikono kwenye suruali nyeupe. "Leo niko kapiteni ya meli ya vita. Nikimuambia, kesho nitakuwa kapiteni ya muchanga. Na weye? Utasoma nini mbele ya batu?"

Nilirudi shuleni na siri ile. Ningependa kuandika kwamba nilinyamaza kwa sababu ya kumwogopa patron, lakini haikuwa hivyo. Shuleni walikuwa wameanza kuniita Madame Marine, bibi wa jeshi la majini. Mwalimu wa hesabu, ambaye kwa miaka sita hakuwahi kuniamkia kwanza, sasa alikuwa ananiamkia.

Kabla ya sherehe kulikuwa na ugomvi wa jina. Wakatoliki wa komite walitaka jina la mtakatifu. Waprotestanti walisema wao hawawezi kupanda mtakatifu. Mmoja akapendekeza jina la marehemu mama yake patron, na wengine wakakumbuka kwamba na wao walikuwa na mama. Vikao vilikuwa vitatu, na soda zilizonywewa zingetosha kuielesha meli yenyewe. Mwishowe ikapakwa ubavuni ile namba ya kwenye karatasi, kwa rangi nyeupe, kwa sababu namba haina dhehebu.

Siku ya kubatiza mvua ilinyesha asubuhi, ikaacha. Padri alibariki upande wa kulia, mchungaji upande wa kushoto, kila mmoja akijitahidi maji yake yafike mbali zaidi. Kisha nikasoma. Nilisoma vizuri, niseme ukweli. Ndege ilipopiga ubavu, kina mama walipiga yowe; mpishi alipooka mkate, wazee walitikisa vichwa. Mbele yangu kapiteni alisimama wima, macho yake mawinguni. Baada ya makofi patron alitaka kuonyesha kazi, minyororo ikalegezwa, ubao wa mbele ukashuka kwenye nyasi, naye akaingiza gari lake jipya ndani ya meli huku fanfare ikipiga. Kuingia kulikuwa kuzuri. Kutoka, magurudumu yaliteleza juu ya chuma chenye maji, yakazunguka papo hapo, na wageni wa heshima wakavua makoti kusukuma. Hilo ndilo gari la kwanza na la mwisho meli ile ilishusha.

Kwa sababu vita navyo vilikuwa na komite yao. Wiki chache baadaye vilisogea hadi ng'ambo ya ziwa, kule malori yalikotakiwa kushukia. Ikabaki Kyavinyonge tu, na komite ikasema hata hivyo tuiteremshe, tubebe samaki. Ndipo mtu alipokumbuka barabara ya kushuka ziwani, kona juu ya kona kwenye ukingo wa mlima. Meli iliyounganishwa haipiti. Ingebidi ikatwe tena vipande vitatu. Mafundi waliitwa, wakaizunguka, wakagonga hapa na pale, wakasema kwa fahari kwamba haikatiki bila kuharibika. Walikuwa wameichomelea vizuri mno.

Kapiteni aliendelea kukaa. Kila asubuhi alifagia meli, akapandisha bendera, akatazama mashariki ambako nyuma ya milima kulikuwa na ziwa lake. Nilimwuliza mara moja kwa nini haondoki. "Nitawaambia nini kule?" alisema. "Niliondoka na fanfare."

Kisha watu wakaanza kufika kutoka upande wa Oicha, kaskazini ya Beni. Sitaki kusimulia walichokimbia. Kila mtu wa kwetu anajua, na asiyejua hatajua kwa sentensi yangu moja. Walikuwa watu wa kakao, waliozoea kivuli cha msitu, wakatembea na magodoro vichwani hadi kwenye mji wa baridi wasiokuwa na ndugu ndani yake. Shule yetu ilijaza madarasa mawili. Parokia ikajaza ukumbi. Alasiri moja ya mvua nilimwona mwanamke amesimama kwenye lango la patron, na watoto watatu, na mama mkwe wake mzee aliyekalia ndoo iliyopinduliwa. Hawakuomba kitu. Walisimama tu, kama watu wanaongoja basi.

Kapiteni naye aliwaona. Hakumwuliza mtu. Alikwenda kwenye minyororo, akailegeza, na ubao ukashuka matopeni kwa kishindo. Akatandaza turubai juu, toka ukuta hadi ukuta, akafunga kwa mafundo ya mvuvi. "Muingie," akasema.

Yule mwanamke aliangalia ule mdomo wa chuma. "Hii ni nini?"

"Ni meli."

"Inaenda wapi?"

"Hapana kuogopa, mama. Haiendeke."

Mama mkwe aliinuka kwenye ndoo yake, akapita mbele ya wote, akachagua pembe iliyo kavu zaidi. Hadi mwisho wa wiki familia sita ziliishi mle. Patron alikuja akasimama langoni akiwa amekunja uso. Alikuwa na la kusema juu ya rangi na mikwaruzo, nililiona likipanda kooni, lakini mtoto mdogo wa yule mwanamke alimwamkia, "Shikamoo tata," akalimeza. Siku ya pili alirudi na mpiga picha. Siku ya tatu, bila mpiga picha, alileta magunia mawili ya unga. Nimeamua kuyaandika yote mawili.

Kumbe wakati huo tafsiri yangu nayo ilikuwa safarini. Mtu aliipiga picha siku ya sherehe, ikaingia kwenye simu, simu ikaipeleka kwa simu. Ilipofika mbali ilikuwa imepoteza ukurasa wa kwanza, ule wenye neno "zamani". Iliyobaki ilisema kwamba Butembo kuna meli ya vita, inabeba vifaru ishirini, imepigwa na ndege na haikuzama.

Mkubwa mmoja wa jeshi alikuja kuichukua. Nilikuwa darasani, mkuu wa shule aliingia akaninong'oneza, "Madame, banakuita pale. Banavaa viatu ya jeshi." Nilikwenda na chaki mkononi. Mkubwa alikuwa mtu mwembamba, amejaa vumbi la safari hadi kwenye kope, na askari wawili nyuma yake. Alikuwa anaitazama ile namba ubavuni. Kamba za nguo zilikatiza kutoka upande hadi upande, nepi na vitenge vikipepea kama bendera za mataifa, na moshi wa sombe, yale majani ya muhogo, ulitoka chini ya turubai. Mama mkwe alikaa juu ya ubao wa mbele, anamenya maharagwe.

"Oyo nini?" askari mmoja aliuliza kwa Lingala, hii ni nini, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa mbuzi akaambiwa ni ng'ombe.

Mkubwa alimwinamia mama mkwe kwa heshima. "Mama, tunatafuta vifaru."

Yule mama hakuharakisha. Alimaliza ganda alilokuwa nalo. "Kuko mbuzi moya tu," akasema. "Na yeye ni ya jirani."

Patron akafika mbio, jasho likimtoka, na kabla hajapumua akatangaza kwamba meli iko tayari kwa ajili ya taifa. Nadhani maneno hayo yalimtoka yenyewe. Alikuwa ameyasema kwenye sherehe nyingi. Mkubwa akaitikia kwa kichwa. "Donc tunaichukua. Hawa batu batoke leo."

Yule mwanamke wa Oicha alikuwa anakoroga chungu. Mwiko ulisimama. Aliinama tu akaanza kukunja blanketi, haraka, kwa mikono ya mtu aliyekwisha kulikunja mara nyingi. Mikono ile ndiyo iliyonifungua mdomo.

"Komanda," nikasema, "ile historia ni ya kweli. Mais haiko ya hii meli."

"Nani aliiandika?"

"Ni miye niliitafsiri."

"Na hii hapa ilifanya nini?"

"Ilibeba muchanga."

Sikumtazama patron. Nilimsikia tu, pumzi ikimtoka kama gurudumu lililotoboka. Kapiteni alishuka na suti yake ya fanfare, akapiga magoti pembeni, akakwangua, akaleta kiganja mbele ya mkubwa. Mkubwa aligusa mchanga kwa kidole. Kisha akatembea kutoka mwanzo wa meli hadi mwisho, polepole, akihesabu hatua, akirukaruka magodoro. Aliporudi alikaa kwenye ubao kando ya mama mkwe, akavua kofia.

"Nilitoka mbali, miye," akasema, si kwa mtu yeyote.

Mama mkwe akasogeza beseni la maharagwe ili apate nafasi ya miguu.

Mkubwa akanyoosha miguu. Halafu akaniambia kwamba mtu aliyetumwa kuona meli hawezi kurudi mikono mitupu, lazima karatasi iwepo. "Weye njo mwandishi. Andika sasa ile ya kweli."

Niliandika kwenye daftari la mwanafunzi, juu ya goti. Niliandika kwamba chombo hiki kilibeba mchanga mahali tusipopajua, kwa miaka tusiyoijua, bila kupigwa na ndege. Kwamba kililipita ziwa karibu kabisa, kikapanda milima, na tangu kifike hakijagusa maji ila ya mvua na ya baraka. Kwamba kimebeba gari moja na familia sita, na wote wa familia hizo wako hai. Kalamu ilikwenda polepole, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya mwalimu wa historia kuandika jambo nililoliona.

Mkubwa alisoma kwa makini. Penye "hakijagusa maji" akasimama. "Hii itanisumbua," akasema, akaifuta, akaandika juu yake kwa mkono wake: chombo kiko katika kungojea. Akatia saini, akakunja, akala sahani moja ya sombe akiwa amesimama, na gari likaondoka. Hakurudi tena, wala mwingine.

Patron hakunisemesha kwa majuma mengi. Shuleni Madame Marine likakoma, na mwalimu wa hesabu akarudia tabia yake. Siku moja tukakutana mlangoni mwa kanisa, patron akanishika mkono. "Ungeweza kusema polepole, madame," akanong'ona. "Mbele ya batu bote!" Lakini turubai la zamani lilikuwa limeanza kuvuja, na juma lile alipeleka mabati.

Kapiteni alikuwa wa kwanza kuondoka. Alisema sasa kwa kuwa kila mtu anajua, hana aibu ya kulinda. Alipanda pikipiki kwenda Kyavinyonge, suti ameiacha kwenye msumari. Niliwahi kumtembelea huko likizo iliyofuata. Alikuwa kwenye mtumbwi wa mbao, mweusi na mwenye furaha, akanipa tilapia wawili waliofungwa kwa jani, na hakuniuliza chochote juu ya Butembo.

Familia zikaondoka moja moja, nyingine kwa ndugu, nyingine kwenye vyumba vya kupanga. Yule mwanamke aliposikia kwamba upande wao kumetulia kidogo, akataka kuwahi kakao yake kabla haijaoza mtini. Alifunga mizigo, akawavisha watoto, akamwendea mama mkwe. Mzee alikataa. Walimbembeleza siku mbili. Mwanakwaya mmoja akaja, padri akaja, patron mwenyewe akaja na kiti.

"Nimeshakimbia mara ine," mama mkwe aliwaambia. "Nikishuka hapa, itakuwa ya tano. Mwende. Mukivuna, munitumie."

Basi yumo mle hadi leo, peke yake katika meli ya hatua ishirini na nane, na amelima maharagwe kuizunguka yote. Mkwewe humtumia gunia pale barabara inaporuhusu. Jumapili baada ya misa mimi humpelekea bugali na mboga, tunakaa juu ya ubao wa mbele tukitazama watu wanaotoka kanisani, naye hunieleza nani anachechemea na nani kanenepa. Jumapili iliyopita nilimpikia lenga-lenga, mchicha wa kwetu. Alionja, akaonja tena.

"Chumvi kidogo," akasema, na akamaliza sahani.